Mikono Chini ya Meza

Nassoro Amuri alikata vioo Kisangani kwa miaka thelathini, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuamini hata kimoja. Watu wengine huangalia kioo wapate kujua kama kofia imekaa sawa. Nassoro alikiangalia kioo kama mtu anavyomwangalia mkwe aliyefika bila taarifa. Kioo, alisema, ni shahidi anayeeleza yote aliyoyaona, ila ameketi upande usio wake.

Ufundi aliupata kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa na duka la samani kule Makiso, katikati ya mji. Mgiriki alimfundisha kushika almasi ya kukatia, kusikiliza kioo kinavyolia chini yake, na kukivunja kwa adabu mahali kilipokubali kuvunjika. Mwishoni mwa mwaka wa sabini na tatu Serikali iliamua maduka ya wageni yawe ya wananchi, na duka likapewa mwananchi mmoja aliyefika na mkoba na kuondoka na malori matatu. Mgiriki naye aliondoka, na koti moja. Nyuma yake kulibaki makabati manane ya nguo, kila moja na kioo kirefu mlangoni. Yule mwananchi hakuyataka kwa sababu yalikuwa mazito, na Nassoro aliyachukua kwa mkokoteni, safari nane, mchana kweupe, mpaka nyumbani kwake Kabondo.

Safari hizo nane zilimharibia jina. Katika mji ule kioo huitwa talatala, na kwa Lingala *tala* ni kuangalia. Basi talatala ni angalia-angalia, na kila mtu anajua kwamba yako mambo ambayo mtu mwenye heshima zake haangalii mara mbili. Waganga wa mtoni na wa msituni wote wana talatala zao, za kumwonyesha mgonjwa uso wa aliyemroga.

"Talatala moja ni ya kujiangalia," majirani walihesabu. "Ya pili, tuseme ni ya muke wake. Ile sita ni ya nani?"

"Mi ni vitrier," Nassoro alijibu. "Vitrier, fundi wa vioo! Nakata, nauza."

"Ndiyo, papa," walisema, na kuvuta watoto ndani.

Nassoro alitoka katika zile familia za Waislamu ambazo mababu zao walishuka kutoka Maniema na misafara ya pembe za ndovu, wakakuta mto ni mpana mno, wakabaki. Alisali sala tano. Ilipotoka amri ya majina, ya kuacha yale ya Kikristo na kuchukua ya asili, karani wa mji alitafuta Nassoro katika orodha ya watakatifu wa Kanisa, hakumpata, akamwacha alivyo. Lakini hata Mwalimu Asumani wa msikitini alifika siku moja baada ya alasiri, akanywa chai akiwa ameyapa makabati mgongo, akauliza kwa upole kama ni kweli kwamba baadhi ya vioo havionyeshi mtu aliyesimama mbele yavyo bali mwingine.

"Vile vyenye dawa ya fedha imebanduka nyuma, Mwalimu, havionyeshi mutu yeyote."

Mwalimu alisema ameamini. Alitoka bila kugeuka.

Aliyemwamini kabisa alikuwa Asha, mke wake, na hoja yake haikuwa na mapambo. "Muchawi gani," aliwauliza wanawake kisimani, "anajikata vidole kila juma?"

Kitu kimoja tu Nassoro alikitaka katika dunia hii, na alikitaka kuliko mali: aitwe fundi wa vioo, na asiitwe kingine. Kwa hiyo ni vigumu kueleza kwa nini alikubali kumtengenezea meza mfanya mazingaombwe. Maelezo yake mwenyewe ni kwamba alitaka kuonyesha ufundi. Maelezo ya Asha ni kwamba mwanamume akikaa muda mrefu na vioo vinane visivyonunuliwa ataoa hata mamba.

Mfanya mazingaombwe huyo aliitwa Faustin. Tangu amri ya majina alikuwa Citoyen Likunde, yaani Mwananchi Likunde, na mke wake Micheline alimwita Faustin kwa sauti ya chini tu, kama mtu anayetaja hawara. Kazi yake hasa ilikuwa ukarani wa forodha kwenye bandari ya mto, mto ambao nao ulikuwa umepewa jina jipya bila kuulizwa. Alikuwa ameona katika gazeti moja kuukuu la Ubelgiji mchoro wa kichwa cha mtu kilichokaa juu ya meza kikizungumza, bila mwili.

"Papa Nassoro," alisema, "mwili iko wapi?"

Nassoro aliuangalia mchoro kwa dakika moja, kwa ile chuki yake ya kawaida. "Mwili iko pale pale," alisema. "Wanakuangalisha ukuta."

Alichukua mbao ngumu za mti wa kambala, akaunda meza ya miguu mitatu, mmoja mbele na miwili nyuma. Kutoka mguu wa mbele vioo viwili virefu vilirudi nyuma hadi miguu mingine, kimoja huku, kimoja kule, kama mabawa ya njiwa. Nyuma ya mabawa hayo mtu aliweza kupiga magoti na kutoa kichwa juu kupitia tundu, shingo ikazungukwa na sahani ya bati iliyokatwa katikati. Anayeangalia kutoka mbele anadhani anaona mpaka nyuma, chini ya meza iliyo wazi. Kumbe anachokiona ni pazia la pembeni, ambalo kioo kimelichukua na kulileta mahali ambapo pangeonekana pazia la nyuma. Jicho halioni kioo. Linaona kile kilicholetwa na kioo, kisha linaridhika, kama mkubwa aliyesomewa ripoti.

Masharti yalikuwa machache lakini hayakuwa na mjadala. Pazia la pembeni na la nyuma liwe nguo ile ile, nyeusi, isiyo na ua. Sakafu iwe moja. Mtu asipite mbele ya meza, maana miguu yake itaonekana ikitembea chini bila mwenyewe. Na kioo kisiwe na alama hata ya kidole. Nassoro alikisugua kwa gazeti la Chama, chama pekee kilichoruhusiwa nchini, gazeti ambalo wino wake ulikuwa mgumu kusoma na mzuri sana kwa kung'arisha. Alikisugua mlango ukiwa umefungwa.

Mara tatu meza ilionyeshwa, katika harusi mbili na sikukuu moja ya shule, na mara zote tatu watu walikimbia, jambo lililompa Faustin furaha na Nassoro wasiwasi. Aliwafuata waliokimbia akiwaeleza kuwa ni vioo tu. Walikimbia zaidi.

Ndipo, mwaka wa sabini na tano, kamati ya sherehe ilipomwita Faustin. Mei ishirini ni sikukuu ya kuzaliwa kwa Chama. Wakubwa wa mkoa watakaa safu ya mbele katika ukumbi wa zamani wa sinema. Kutakuwa na animation, vijana na akina mama wakicheza kwa saa tatu, kisha kichwa.

"Tunahitaji nguo nyeusi," Faustin aliwaambia. "Mita arobaini."

Mwenyekiti wa kamati alivua miwani yake. "Nyeusi ni ya matanga, Citoyen. Chama kinazaliwa, ama kinazikwa?"

Faustin alisema kinazaliwa.

"Bon. Utapewa pagne ya Chama."

Wakapewa, mita arobaini: kitambaa cha kijani chenye madoa ya njano, na katika kila doa mkono umeshika mwenge, ule mkono wa kwenye bendera, mkono wa kulia. Walikitundika nyuma na pembeni, wakaiweka meza, Micheline, mwenye kichwa, akaingia mahali pake nyuma ya vioo. Nassoro alikwenda mpaka safu ya tatu, akaketi, akaangalia. Kisha akaangalia tena.

"Faustin. Kuja hapa. Angalia chini ya meza."

"Iko wazi kabisa! Hata mi nadanganyika."

"Angalia mukono."

Faustin aliangalia. Juu ya meza, pande zote za meza, ukutani kote, mikono mia mbili ya kulia ilishika mwenge. Chini ya meza, kati ya miguu, mikono kumi na miwili ya kushoto iliushika.

"Talatala inageuza," Nassoro alisema. "Ndiyo kazi yake."

"Nani ataangalia pale? Watu wote wataangalia kichwa."

"Watu wote, ndiyo. Lakini kuna mutu mumoja analipwa kwa kuangalia meza."

Siku mbili Nassoro hakulala vizuri, na ufundi wake haukumsaidia, ulimwongezea. Pagne nzuri ina rangi pande zote mbili. Ukiligeuza pazia la pembeni nje-ndani, mikono chini ya meza itarudi kuwa ya kulia, sawasawa na sheria. Ila sasa mapazia yenyewe ya pembeni, kutoka dari hadi sakafu, yatajaa mikono ya kushoto, mbele ya wakubwa wa mkoa. Ukisahihisha chini ya meza unaharibu kuta. Ukisahihisha kuta unaharibu chini ya meza. Alipima makosa hayo mawili kama anavyopima kioo, akachagua lile la mikono kumi na miwili.

Usiku wa sherehe kichwa kilikuja vizuri sana. Micheline alifumbua macho juu ya sahani, akawasalimu kwa Lingala, "Mbote na bino, bacitoyens," na mwanamke mmoja nyuma akamwita Yesu kwa sauti kubwa, ingawa Krismasi yake ilikuwa imefutwa kwenye kalenda. Faustin aliuliza kama meli kutoka Kinshasa itafika mwezi huu. Kichwa kikasema itafika. Meli haikuwa imeonekana tangu Machi, na ukumbi ulipiga makofi kwa bidii ya watu wanaotazamana.

Nassoro alikuwa amesimama nyuma ya pazia kulinda mtu asipite. Aliona nyuso zote zimeinuka kuelekea kichwa, isipokuwa moja. Katika safu ya tatu, kiti kile kile alichokaa yeye, alikuwako mtu aliyevaa miwani myeusi ndani ya ukumbi wenye giza, na uso wake ulikuwa umeinama. Midomo yake ilicheza. Alikuwa anahesabu.

Watu wa usalama walimfuata Nassoro baada ya siku mbili, asubuhi, alipokuwa anakata kioo cha dirisha la mtu. Mji ulikuwa na ofisi moja isiyo na kibao mlangoni. Watu waliiita "kwenye mapazia," kwa sababu madirisha yake hayakufunuliwa hata saa za joto. Njia nzima alijiandaa kujibu juu ya gazeti la Chama. Alikuwa amepata maelezo mazuri kabisa, kwamba kukisugua kioo kwa gazeti ni kulisambaza gazeti.

Aliketishwa kwenye benchi siku hiyo na usiku wake. Hakupigwa. Alipewa lituma ya ndizi za kupondwa na chumvi, na kila aliyepita alimwangalia kama kitu kilichosahauliwa na mwenye nacho. Siku ya pili, karibu na adhuhuri, aliingizwa ndani. Meza yake ilikuwa imesimama katikati ya chumba, vioo na vyote. Nyuma ya meza nyingine alikaa yule wa miwani. Aliitwa Citoyen Bolamba, na wazee wa misheni ya ng'ambo ya mto walimkumbuka bado akiitwa Wenceslas na kuhudumu altareni.

"Citoyen Nassoro. Kaa. Mi siulizi mambo ya kichwa. Kichwa ni muke ya Faustin, hata mutoto anajua. Mi nauliza mikono."

Nassoro alisahau gazeti.

"Mikono kumi na mbili," Bolamba aliendelea. "Yote kushoto. *Gauche*." Alilitua lile neno mezani kama kitu kinachoweza kulipuka.

Kwa Nassoro, mkono wa kushoto ulikuwa na kazi zake zinazojulikana, za chooni, na hakuwahi kusikia umeshtakiwa kwa siasa. Lakini katika mji ule, ambao miaka kumi na moja nyuma waasi waliushika na kuutangaza makao ya serikali yao, gauche halikuwa jina la upande wa mwili, lilikuwa jina la waasi hao.

"Sitini na ine ulikuwa wapi?"

"Chini ya kitanda, papa."

"Upande gani?"

"Pardon?"

"Upande gani ya kitanda?"

Nassoro alifikiri. "Katikati."

Bolamba aliandika: *katikati*. "Faustin anasema yeye ni mudomo tu. Mambo yote ya chini ya meza iko yako."

Hilo halikumshangaza Nassoro. Faustin alikuwa mtu wa forodha, alijua kuuelekeza mzigo kwa mwenyewe. "Ni kweli, papa. Lakini mi sikuchora mukono. Ni talatala. Talatala inageuza kila kitu, haichagui. Hata weye."

"Hata mi?"

"Simama pale kidogo, papa. Inua mukono wa kulia."

Yalikuwa maneno ya fundi, si ya mtu mwenye akili zake. Lakini Bolamba alikuwa mtu wa uchunguzi, na mtu wa uchunguzi ana udadisi wake. Alisimama ubavuni mwa meza, akainama uso kwa uso na kioo, akainua mkono wa kulia kama kwenye mkutano, akaangalia kiooni. Mtu wa kiooni, mwenye koti lile lile la abacost na miwani ile ile, alikuwa ameinua wa kushoto.

Bolamba aliushusha mkono. Akaujaribu tena, haraka, kama mtu anayetaka kumkamata mwenziwe akichelewa. Yule mwingine hakuchelewa. Bolamba alikwenda mlangoni, akafungua, akaangalia kama kuna mtu kwenye korido, akafunga kwa ufunguo. Alipogeuka alikuwa amevua miwani, na Nassoro akaona kwa mara ya kwanza kwamba jicho lake moja linatoa machozi bila sababu.

"Umeona?" Nassoro alisema. "Ni talatala tu."

"Nyamaza."

Alikaa.

"Alors. Mi nitakueleza, papa Nassoro, juu weye ni mutu muzima. Kama ni talatala, rapport ninayoandika itasema mutu mumoja anajua kugeuza mwenge ya Chama kwa gauche, na anaweza kugeuza mutu yeyote anayesimama mbele yake. Yeyote. Ile mutu anapanda avion, ndege ya jeshi, anakwenda kueleza Kinshasa. Na Kinshasa watauliza: mbele ya talatala hii, ni nani alisimama?" Alifuta jicho. "Ile sipendi waulize."

"Na kama si talatala?"

"Kama ni uchawi..." Bolamba alitandaza mikono, kwa mara ya kwanza kama mtu anayejisikia nyumbani. "Uchawi ni ya bankoko, babu zetu. Authenticité, asili yetu. Talatala ilikuja na Mugiriki. Lakini uchawi? Iko hapa tangu zamani. Na bankoko hawana droite, hawana gauche. Wanafanya kazi na mikono yote."

Alivuta fomu. Mahali palipoandikwa *Profession*, yaani kazi, aliweka kalamu, akangoja.

"Andika vitrier," Nassoro alisema.

"Vitrier anakwenda Kinshasa. Féticheur, muganga, anakwenda nyumbani."

"Papa, mi ni Mwislamu."

"Na mi nilikuwa enfant de chœur. Nani anakuuliza?"

Nassoro aliiangalia fomu. Aliwaona majirani wakihesabu makabati, Mwalimu akinywa chai akiwa ameyapa mgongo, Asha kisimani akipigana vita vyake kwa vidole vya mumewe. Tangu siku ya makabati amekataa neno lile bure, walipokuwa wanampa bila karatasi. Sasa linakuja na muhuri. Aliyafikiria pia yale ya kuapa uongo juu ya jambo ambalo Mungu hapendi hata ukweli wake. Kisha alifikiria Kinshasa, ambako alijua watu wanne waliokwenda kueleza jambo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemaliza kueleza.

"Andika," alisema.

Alisaini kwa mkono wa kulia, maana yule bwana alikuwa anaangalia.

Meza ilibaki kwenye mapazia, hakuna aliyethubutu kuigusa. Faustin alihamishwa kwenda kituo kidogo cha forodha kule mto unakoteremkia, na Micheline, kichwa na mwili, alimfuata. Nassoro alirudi Kabondo kwa miguu akiwa na karatasi iliyosema, kwa Kifaransa na mihuri miwili, kwamba mwenye nayo ni mtaalamu wa sayansi za jadi za uchawi na asibughudhiwe.

Asubuhi iliyofuata, habari ya karatasi ikiwa imekwisha kuzunguka mtaa mzima, alikwenda kwa Mwalimu Asumani. Alimweleza yote, akaitoa karatasi, akasubiri laana. Mwalimu aliisoma akiisogeza mbali na macho, kisha, kwa mshangao wa Nassoro, akacheka.

"Weye? Muchawi? Nassoro, ile karatasi ya bei ya sukari iko na mihuri tatu. Uliwahi kununua sukari kwa ile bei?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi. Kama Serikali inaandika weye ni muchawi, kila mutu hapa anajua weye si muchawi. Wanasema tangu jana. Ni vioo tu. Vioo na mbao. Hata wale wanawake wa kisimani wanasema, 'Papa Nassoro ni vitrier, tulijua zamani.'"

Nassoro alitaka kumshika mzee mikono yote miwili. Hatimaye! Lakini Mwalimu alikuwa bado ameishika karatasi, anaikunja na kuikunjua.

"Sasa watu wanauliza tu kitu kidogo," alisema, na hakumwangalia. "Mi siulizi. Watu wanauliza. Mutu anaitwa kwenye mapazia. Analala kule. Hawamupigi. Anatoka na karatasi ya kusema asibughudhiwe. Na yeye si muchawi, ni fundi wa talatala tu, wa kuangalia-angalia... Donc wanauliza, aliwapa nini?"

"Sikuwapa kitu!"

"Ndiyo," Mwalimu alisema, kwa ule upole wake wa chai. "Mi nimeamini."

Kuanzia juma lile watu walifika kwa Nassoro na vipimo vya madirisha kama hawakuwahi kufika. Walimwita *vitrier* uso kwa uso, kwa heshima, hata wale ambao zamani walivuta watoto ndani. Sasa watoto waliachwa wacheze mlangoni pake, ila walikatazwa kumwambia yale wanayoyasikia nyumbani. Siku ya salongo, mtaa ulipotoka kufyeka majani ya barabara, mazungumzo yalikwenda pamoja na mapanga mpaka Nassoro alipofika, kisha yakabaki mapanga. Mtu mmoja alianza kusema habari ya mishahara ya walimu ambayo haikuja. Alimwona. Akamalizia kwamba itakuja, na kwamba Chama hakisahau.

Nassoro alielewa siku hiyo kwamba akiitoa karatasi na kusema, "Mi ni muchawi kweli," hakuna atakayemwamini. Na akisema, "Nilidanganya nipone," watajiuliza anadanganya sasa apate nini.

Juma la tatu Asha aliweka sahani ya wali na pondu ya majani ya muhogo mbele yake mchana, akakaa upande wa pili wa mkeka, jambo ambalo halikuwa desturi yake wakati wa kula.

"Baba Zaina, niambie mi peke yangu. Ulitoka namna gani?"

Alimwambia. Mikono kumi na miwili, kitanda na katikati yake, Bolamba akiinua mkono mbele ya kioo na kumkamia yule mwingine, bankoko wasio na gauche. Alieleza kama ilivyokuwa, bila kuongeza wala kupunguza, kwa uangalifu wa mtu anayepima kabla ya kukata. Na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosikia mwenyewe, kwa sikio la fundi, kwamba haiwezi kusimama. Hakuna ofisi duniani inayomwachia mtu kwa sababu hiyo.

Asha alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka mahali pa kitanda.

"Bon," alisema. "Kula, iko inapoa."

Baadaye kidogo jirani alipiga hodi mlango wa nyuma, akamwambia Asha jambo kuhusu mchele wa sokoni na mke wa mkubwa fulani aliyeununua wote. Nassoro alimsikia mkewe akianza kujibu kwa ile sauti yake ya kisimani, iliyowahi kumtetea mbele ya mji mzima. Kisha sauti hiyo ikashuka. Akawasikia wote wawili wakihama polepole na vigoda vyao, kutoka kizingitini hadi upande wa pili wa jiko, mbali na mkeka wake.